Vani Isiyoogopa Tope

Jumatatu, 4 Machi

Nimeshtuka sana. Mke wangu anataka kumpa mwoka mikate vani yangu! Tena si kwa safari. Mwoka mikate atang'oa magurudumu, ataipandisha juu ya mawe kando ya barabara na kuuzia mikate dirishani. Vani ya fowili, inayovuta kwa magurudumu yote manne! Gari lililoundwa kupanda majabali na kuvuka mito, leo liwe kibanda!

Mke wangu ameniuliza kwa upole limepanda jabali gani tangu nililete nyumbani miezi minane iliyopita. Limepanda kingo za barabara mara mbili, lakini ile ilikuwa bahati mbaya.

Sharti lake ni hili. Nikilipatia kazi ya maana kabla ya Jumapili, linabaki. Nikishindwa, mwoka mikate anakuja na mawe yake, na mimi nakwenda kupima mapazia dukani kwa shemeji. Mapazia! Shemeji mwenyewe huniita "Injinia" mbele ya wateja, kisha wote wanacheka.

Jumanne, 5 Machi

Kazi imepatikana! Au karibu. Muuguzi mkuu wa zahanati anatafuta gari la kupeleka chanjo kila wiki kwenye zahanati ndogo ya juu kilimani. Miaka yote zimebebwa na Mwenye Punda, jirani yangu wa ukuta mmoja. Punda wake hula maua yangu, halafu yeye hunisalimia kama hakuna kilichotokea.

Muuguzi amesema punda ni waaminifu ila wanachelewa, barafu inayeyukia njiani. Nimemwambia kwangu barafu haitapata hata nafasi ya kutoa jasho. Akauliza kama vani inauweza udongo mwekundu wa kilimani mvua ikinyesha. Nimecheka. Nimecheka sana, mpaka akaandika kitu kwenye daftari lake. Jaribio ni Jumamosi asubuhi.

Nyumbani nimemtangazia kila mtu. Mama mkwe, anayekaa nasi tangu mwaka jana, alikuwa kibarazani anachambua maharage. Akauliza taratibu kama huwa nashuka kwanza kuzungusha magurudumu ya mbele. Masikini mama wa watu! Nimemweleza kwa heshima zote kwamba magurudumu ya gari huzunguka yenyewe, hatuyazungushi kwa mkono. Akasema haya, mwanangu, akaendelea na maharage yake.

Alhamisi, 7 Machi

Siku ya urembo. Muuguzi ni mtu wa usafi, lazima gari ling'ae. Nimegundua aibu kubwa: katikati ya kila gurudumu la mbele kuna kidude cha chuma cha kuzungusha kama kitasa, chenye nukta nyekundu na nukta nyeupe, kimejaa kutu na grisi. Sijui ni cha nini. Nadhani ni pambo la zamani.

Jikoni kuna mifuniko miwili mikubwa ya sufuria inayong'aa. Nimeibandika juu ya vidude vile kwa gundi ya chuma. Imekaa kama ilizaliwa pale! Akili ni nywele, kila mtu ana zake, na zangu ni nyingi.

Mwenye Punda amepita, akajitazama kwenye mfuniko, akaweka kofia yake sawa, akasema gari limependeza. Wivu tu huo.

Jioni mke wangu ametafuta mifuniko yake nyumba nzima. Nimemwambia siku hizi vitu vinapotea sana. Chakula kimefunikwa kwa sahani.

Ijumaa, 8 Machi

Mvua tangu alfajiri. Nadhani mtaa mzima ni mimi peke yangu ninayeifurahia.

Furaha fupi! Mke wangu ametamka kwamba kesho mama yake atapanda nami kama shahidi, kwa kuwa taarifa zangu huwa na chumvi nyingi. Mama mkwe, na magoti yale? Kwa nijuavyo mimi, maisha yake yote alikuwa idara ya barabara akiwapikia vibarua. Atajuaje fowili ni nini? Nimemwandalia mto wa kukalia.

Jumamosi, 9 Machi

Sijui nianzie wapi. Mikono ina tope, siku nzima ina tope.

Tumeondoka saa mbili asubuhi. Muuguzi dirishani, sanduku la chanjo mapajani. Mama mkwe katikati, kwenye mto wake. Chini ya kilima nimevuta kijiti cha fowili kwa madaha. Taa ya kijani ikawaka. Nikamwambia muuguzi ajishike.

Hakukuwa na haja. Tumepanda hatua kama ishirini, gari likaanza kurudi nyuma! Nikakanyaga mafuta. Magurudumu ya nyuma yakazunguka bure, yakirusha tope mpaka kwenye miti. Ya mbele yametulia tuli kama wageni wanaosubiri kukaribishwa. Taa ya kijani inawaka! Nimeipigapiga kwa kidole. Inawaka! Macho yamenitoka pima.

Hapo hapo akapita Mwenye Punda na punda wake wawili, kuja tu kuangalia. Akatusalimia, akauliza habari za nyumbani. Punda hawakunasa popote. Muuguzi akafungua daftari lake. Nikaona mapazia mbele ya macho yangu, ya kila rangi.

Mama mkwe akaniomba nimpishe. Akakunja nguo mpaka magotini, akashuka kwenye tope, akainama kwenye gurudumu la mbele. Kisha akaniita jina langu kamili, jambo ambalo hajawahi kulifanya, na kuuliza kama huu si mfuniko aliompa binti yake siku ya harusi. Nilitamani ardhi ipasuke.

Akaubandua kwa bisibisi; kwa mvua ile gundi ilikuwa haijakauka. Akashika kile kidude changu cha pambo, akakizungusha kutoka nukta nyeupe mpaka nyekundu. Tak! Akazunguka upande wa pili. Tak! Akasema taa ile ni ya kijiti tu. Bila kushuka kufunga hivi vidude, magurudumu ya mbele hayavuti ng'o. Kisha akaingia upande wa usukani. Wa kwangu! Nikabanwa katikati, kwenye mto.

Gari limepanda. Limepanda polepole, bila kelele, kama linapanda ngazi za nyumbani. Muuguzi akapiga makofi. Ndipo nikasikia yale ambayo miaka kumi na moja ya ndoa hakuna aliyeniambia: mama mkwe hakuwa akipika. Alikuwa dereva wa malori ya idara kwa miaka ishirini na mbili! Nimeuliza kwa nini alinificha. Akasema sijawahi kumuuliza, na kwamba mdharau mwiba mguu huota tende.

Mke wangu amepokea mifuniko yake mlangoni, na tope lake. Usiku chakula changu kimekuja bila kufunikwa kabisa. Bora angefoka.

Jumapili, 10 Machi

Muuguzi amekuja mwenyewe. Kazi tumepata! Vani inabaki. Mwoka mikate ameambiwa atafute kibanda kingine. Punda wamepumzishwa, kwa hiyo chanjo zote za kilimani sasa zinatutegemea sisi. Safari ya kwanza ni kesho asubuhi.

Dereva: mama mkwe. Mimi ni msaidizi wa dereva. Kazi yangu ni kushuka kwenye tope na kufunga vidude. Nimeumia, nakiri. Machozi yalikaribia.

Lakini nimetafakari. Jana gari lilipanda kwa sababu mvua ilikuwa imekatika, kila mwenye macho aliona. Pia, kushuka kila wiki kufunga na kufungua ni ushamba. Kitu kikifungwa kifungwe moja kwa moja! Kwa hiyo mchana huu nimevibana vidude vyote viwili kwa gundi ya chuma iliyobaki. Nimemaliza kopo. Imeandikwa kwamba ikikauka haibanduki tena.

Swali lilikuwa ni nukta ipi. Mama alitumia nyekundu, lakini nyekundu ni rangi ya hatari, hata mtoto anajua. Nimechagua nyeupe. Inaendana na rangi ya gari.

Mawingu yanakusanyika kule kilimani. Mama sijamwambia kitu. Nataka ashangae.