Nafasi ya Kumi na Tisa

Jumanne, 18 Novemba

Daftari jipya. La zamani lilijaa visingizio. Hili ni la mkakati.

Kwa kumbukumbu: mimi ni Oswald, mtu wa Biharamulo, miaka arobaini na minne, mwaka wa sita hapa Kigali, mpangaji wa Niboye. Ninaandaa karatasi za malori ya mizigo yanayotoka Dar. Kazi yenyewe ni kusubiri. Lori lisubiriwe mpakani, muhuri usubiriwe, dereva asubiriwe awashe simu. Sidhani kama jiji hili lina mtu aliyezoezwa kusubiri kuliko mimi. Sasa kwa nini kila Jumapili natolewa mapema kwenye mashindano ya poka?

Ni mashindano madogo ya mtandaoni. Kiingilio hakizidi bei ya chai na chapati mbili. Watu mia na themanini, saa tisa alasiri, kila mtu na simu yake. Unapewa chipu za kuwekea dau, na karata mbili za siri. Ukizipenda unabaki, usipozipenda unazitupa. Chipu zikikuishia, umetoka. Wanaopata zawadi ni kumi na wanane wa mwisho.

Juzi nilikuwa wa tisini na nne. Nyokabi wa ofisini, Mkenya anayetafuta wateja wetu wapya, alikuwa wa pili. Nyokabi! Anacheza huku anakaanga samaki. Nilimwuliza mkakati wake ni upi. Akasema akimwona malkia anafurahi.

Mkakati wangu umekamilika leo, baada ya kusoma sana. Kutupa. Kutupa kila kitu isipokuwa jozi kubwa. Wenye haraka na watoane wao kwa wao.

Jumatano, 19 Novemba

Baada ya kazi nimepita soko la Kimironko. Nimempelekea Kabagwira suruali ya kijivu aipunguze. Ni suruali ya saba.

Kabagwira ni fundi cherehani. Mjane, miwani imefungwa uzi mwekundu, kicheko kinaanzia mabegani kabla hakijafika mdomoni. Nampenda tangu Aprili. Hajui. Maana yake, sijamwambia.

Alipima, akanitazama juu ya miwani. "Oswald, hii suruali iko fupi tayari. Nikikata tena utakuwa mwanafunzi."

Nikasema ni kwa ajili ya joto. Joto gani, akauliza, na mvua ilikuwa inapiga mabati hadi tukawa tunapiga kelele ili kusikilizana.

Nilikaribia kusema. Nikajizuia. Kusema bila karata nzuri ni kugawa chipu bure. Karata nzuri ni ipi? Ishara kutoka kwake. Ikija, nitaijua. Nimetupa.

Tatizo liko meza ya mbele yake. Twagirayezu, muuza vitambaa vya suti. Mrefu. Suruali zake zinafika kwenye viatu. Kila nikienda namkuta anakunja kitambaa ambacho kimekwisha kunjwa.

Ijumaa, 21 Novemba

Mbinu. Mchezaji mzuri humchunguza mpinzani. Nimekwenda kwa Twagirayezu kama mteja, nikataka mita tatu za kitambaa cha buluu. Lengo lilikuwa kumpeleleza, na pia kumshughulisha, asipate nafasi ya kuongea na Kabagwira.

Ana adabu, mwana huyu. Aliniita muvandimwe, yaani ndugu. Akasema nguo hiyo inataka fundi mzuri, akaniuliza kama nina fundi. Kabla sijajibu akabeba kitambaa mwenyewe, akavuka njia, akamkabidhi Kabagwira. Wakajadili bitana. Wakajadili vifungo. Walijadili vifungo kwa dakika arobaini! Mimi nilikuwa nimesimama katikati kama kigingi, mikono juu, napimwa mabega.

Nimemnunulia mpinzani wangu dakika arobaini.

Jumapili, 23 Novemba

Nimetupa mara hamsini na tatu. Nimehesabu. Nimemaliza wa arobaini na moja. Maendeleo makubwa!

Lakini kuna jambo. Katika mchezo huu kuna dau la lazima. Zamu yako ikifika unalipa hata kama hutaki kucheza, na kila dakika kumi dau hilo linapanda. Mwanzoni hulihisi. Saa moja baadaye linakula chipu zako robo kwa robo, nawe hujafanya kosa lolote. Hujacheza vibaya. Hujacheza kabisa. Mwisho nilibakiwa na chipu za zamu mbili tu, ikabidi niingie na tatu na nane, nikafa.

Nimelifikiria hili tangu jioni. Kusubiri nako kunalipiwa. Mtu anakaa kimya akidhani ametulia, kumbe anapungua.

Nimelipigia mstari. Sijui linanihusu vipi, lakini linapendeza.

Jumatatu, 24 Novemba

Nyokabi alikuwa wa sita. Amekuja mezani kwangu na kikombe chake, amevuta kiti bila kuombwa. Nikamweleza kuhusu kutupa mara hamsini na tatu. Nilitarajia heshima.

"Sasa hiyo ni poka ama ni mazishi?" akauliza.

Nikamwambia huo ni uvumilivu. Akanywa chai, akafikiri kweli kweli, jambo ambalo si kawaida yake. Akasema mtu mvumilivu anajua anachokisubiri. "Wewe Oswald hakuna kitu unachosubiri. Unaogopa tu kuulizwa una nini mkononi."

Nikamwambia arudi kwenye wateja wake.

Maneno yale yamenikaa. Nimeyaandika hapa ili niyapinge vizuri zaidi nikipata muda.

Alhamisi, 27 Novemba

Habari mbaya. Nilikwenda kujaribu koti la buluu. Kabagwira alikuwa na pini mdomoni, kwa hiyo nilidhani mambo ni ya kawaida. Akazitoa moja moja, akazichomeka kwenye bega la koti, na mimi nikiwa ndani.

Dada yake amefungua duka la kushona Huye, mji wa kusini, sare za shule, kazi ni nyingi. Anamtaka ahamie huko wafanye pamoja. Jibu linatakiwa Jumapili. Akaniuliza naona vipi.

Ishara? Moyo ulinipiga hadi nikachomwa na pini. Lakini ishara inaweza kuwa mtego. Labda anawauliza wateja wote. Nikasema ni jambo la kutafakari.

"Yego," akasema. Ndiyo. Akaendelea kuchomeka pini, lakini mabega yake hayakucheka tena. Nilipokuwa naondoka akaniambia Jumapili atakuwa mezani pake hadi saa kumi na moja. Mwenye neno aje.

Mwenye neno. Hakusema Oswald.

Jumamosi, 29 Novemba

Umuganda asubuhi, ile kazi ya pamoja ya mwisho wa mwezi, njia zote zimefungwa. Nimefyeka nyasi za mtaro pamoja na mtaa mzima nikijiambia: leo. Kwa nini nisubiri Jumapili? Saa tano njia zilipofunguliwa nikaoga, nikapanda moto, pikipiki ya abiria, hadi Kimironko. Njia nzima nilikuwa natunga sentensi ndani ya kofia ya abiria. Ilikuwa fupi. Kabagwira, usiende, nataka tuoane. Ukiihesabu haizidi maneno manne.

Nimefika. Twagirayezu amekaa kwenye kigoda cha wateja. Hawakuwa wanaongea. Yeye anatazama mikono yake, mwanamke anatazama sindano. 

Nikauliza kama koti liko tayari. Halikuwa tayari. Nikaondoka.

Moyoni nikasema nimetupa karata. Ila leo sikuona raha yake.

Jumapili, 30 Novemba

Naandika mara tu baada ya kurudi, nisije nikasahau mpangilio. Mpangilio ndio utakaoonyesha kosa liko wapi.

Saa tisa. Mashindano yanaanza. Hesabu yangu: nitatolewa kabla ya saa kumi, nitakwenda Kimironko nikiwa mtu huru. Kwa hiyo nilicheza bila presha. Nikatupa. Wenye haraka wakatoana kwa wingi usio wa kawaida. Saa kumi tumebaki hamsini. Saa kumi na robo, thelathini na tano. Nipo!

Sikuwahi kufika hapo. Nikapanda moto simu ikiwa mkononi, natupa karata kwa kidole gumba kwenye kila taa nyekundu. Dereva aliuliza kama nina msiba. Nikamwambia unakaribia.

Saa kumi na nusu nimesimama mbele ya Kabagwira. Tumebaki kumi na tisa. Akitoka mmoja tu, waliosalia wote wana zawadi. Mmoja! Chipu zangu chache, dau linapanda, na mezani kwangu wamemleta mtu mwenye lundo la chipu ambaye jina lake nalijua: Nyokabi.

Kabagwira alizima cherehani. Alikuwa amevua miwani, na bila miwani anaonekana mdogo na mwenye kuchoka. Akaniambia nikae. Sikukaa, mtandao ni mzuri zaidi ukisimama.

"Oswald, dada anataka jibu leo. Sasa nakuuliza wewe, si mtu mwingine. Niende ao nibaki?"

Wakati huohuo zikaja. Ree ya shupaza. Ree ya kopa. Karata mbili bora kuliko zote, jozi niliyoingoja wiki mbili, na sekunde kumi na mbili za kuamua.

"Subiri kidogo," nikasema.

Nikaweka chipu zote. Nyokabi akaingia. Karata zikafunuliwa: yeye ana saba na mbili, takataka tupu. Nilicheka kwa sauti, pale pale sokoni. Zikaanguka karata tano za mezani, ambazo ni za wote. Saba. Tisa. Mfalme. Nne. Saba.

Saba tatu zimeshinda ree mbili. Wa kumi na tisa. Katika watu mia na themanini, mimi pekee nimesubiri kuliko wote wasiopata kitu.

Nilipoinua macho, Kabagwira alikuwa ananitazama. Hakuwa na hasira. Hasira ningeijibu.

"Nimesubiri kidogo tangu mwezi wa nne," akasema. "Suruali saba, Oswald. Nilidhani ya saba utaongea."

Alijua. Alikuwa anajua wakati wote! Sentensi yangu fupi ilikuwa hapo kooni, imejipanga, nami nikafungua mdomo. Nikasema, "Nilikuwa na ree mbili."

Alichukua simu yake, akaongea Kinyarwanda na dada yake, polepole. Neno nililolielewa ni moja: ndaza. Nakuja. Kisha akakunja ile suruali ya kijivu vizuri, mshono juu ya mshono, akanipa. Hakuikata. Alikuwa ameiachia upindo wote, ikarudi urefu wake wa kwanza.

Nimetembea kwa miguu hadi Remera kabla sijakumbuka kwamba kuna basi. Nyokabi alikuwa ameandika: pole bwana, ile saba ilikuwa na sura nzuri. Amemaliza wa kwanza.

Sijala.

Jumanne, 2 Desemba

Nimekwenda Kimironko kuchukua koti. Meza ya Kabagwira ina fundi mwingine, kijana mwenye redio. Koti liliachwa kwa Twagirayezu. Limenikaa vizuri kuliko nguo yoyote niliyowahi kuvaa, jambo ambalo limenitia uchungu.

Twagirayezu alifunga mkanda wake wa kupimia, akaufungua, akaufunga. Akasema, "Muvandimwe, mimi nilikuwa nangoja wewe."

Sikuelewa. Akaeleza. Aliniona tangu suruali ya pili. Akajiambia huyu mtu ametangulia, si adabu kumwingilia; nitangoja aseme, akikataliwa ndipo na mimi niseme. Amengoja miezi mitano. Jumamosi ile alitaka kusema hata hivyo, maneno yalikuwa yameanza kutoka, nikatokea mimi, akayameza.

Tukasimama wanaume wawili, katikati yetu cherehani ya mtu mwingine. Nilikuwa nimemchukia mtu huyu kwa mpangilio mzuri sana. Alikuwa ananisubiri mimi, nami namsubiri yeye ashindwe, na mwanamke anasubiri yeyote afungue mdomo.

Akaniuliza kama bado nina neno. Nikasema nalifikiria. Akaitika kwa kichwa. Akasema basi yeye Jumamosi anapanda basi la kwanza kwenda Huye. Amenishika mkono kwa mikono miwili, kama mtu anayeomba ruhusa.

Ni mtu mwema. Hilo linanisumbua kuliko urefu wake.

Alhamisi, 4 Desemba

Mambo yamekuwa wazi. Nimekaa barazani tangu nirudi kutoka kazini, nimepitia daftari lote, nimeona kosa.

Saa saba mchana ulikuja ujumbe kutoka Huye. Kabagwira! Nimefika salama, aliandika. Hapa kuna baridi nzuri. Jumapili sifanyi kazi.

Nyokabi aliusoma begani mwangu, mtu asiye na haya, akapiga kelele kwamba mabasi ya Huye yanaondoka kila baada ya nusu saa na anaweza kunishikia kazi zangu hata kesho. Akasema mwanamke hawezi kuandika wazi zaidi ya hapo. Nyokabi ni mtu wa saba na mbili. Bahati haifundishi kitu.

Kosa lenyewe ni hili: Jumapili nilifanya pupa. Tulibaki kumi na tisa, zawadi iko mlango wa pili, nami nikaingia na chipu zote kwa sababu ya ree mbili tu. Ningezitupa! Mwingine angetoka, mimi ningekuwa wa kumi na nane. Kanuni mpya, nimeiandika ndani ya jalada: hata ree, zitupwe.

Kuhusu Huye. Twagirayezu atakwenda Jumamosi, atasema yote kwa mkupuo, na mwanamke mwenye akili hushtushwa na mambo ya namna hiyo. Mimi kujibu leo ni kuonyesha karata zangu. Kujibu wiki ijayo pia. Nimetazama kalenda kwa utulivu. Krismasi ina vurugu, Mwaka Mpya watu wamechoka.

Katikati ya Januari naona panafaa.

Jumapili saa tisa nimeshajiandikisha.