Tafadhali Mke Wangu Asipewe Shule

Danson Mwakisha,
Nyapara, Shamba la Mkonge,
Voi.
Oktoba, 1999

Kwa Afisa wa Elimu wa Wilaya,

Mheshimiwa Bwana Afisa,

KUH: MAOMBI YA MWALIMU TRYPHENA MWAKISHA KUSHIKA SHULE MUHULA UJAO: NAOMBA YAKATALIWE

Nakuamkua kwa heshima zote, nikitumai u mzima na nyumba yako imetulia. Yangu haijatulia, na ndiyo sababu nimeshika kalamu.

Mimi si mtu wa fitina. Ni nyapara wa wakataji mkonge, na sijawahi kuandikia serikali isipokuwa mara moja kuhusu ndovu waliokanyaga mahindi yangu. Mwalimu Tryphena ni mke wangu wa ndoa ya kanisani. Amefundisha hesabu hapa Voi miaka na mikaka, hata wengine aliowafundisha kugawanya sasa wana watoto ambao pia anawafundisha kugawanya. Mwaka jana akaingiwa na hamu ya kuwa mwalimu mkuu. Hilo si kosa. Kosa ni kwamba hakukaa akangoja kuteuliwa kama wenzake wanavyongoja, mpaka mvi zikawajaa kichwani. Alijiandikisha kusoma! Digrii ya pili ya uongozi wa shule, Bwana Afisa, na chuo chenyewe kiko ng'ambo, wala yeye haendi huko. Masomo yanapita kwenye waya wa simu yanaingia katika kompyuta, na kompyuta iko sebuleni kwangu, mahali pa redio yangu.

Sasa limebaki jambo moja tu. Chuo kinataka ashike shule muhula mmoja, waone anavyoiendesha, ndipo wampe digrii. Ameomba ile shule ya mlimani, upande wa Bura, ambayo haina mkuu kwa sasa. Karatasi yake iko mezani kwako. Ikikosa sahihi yako mpaka mwezi uishe, chuo kitamfuta jina, na jasho lake lote litakuwa limepotea bure.

Nakuomba usitie sahihi. Malalamiko yangu ni haya.

1. Simu. Kila jioni kompyuta hupiga simu ng'ambo. Kwanza hulia kama paka aliyekanyagwa mkia, kisha laini inafungika na hakuna binadamu mwingine anayeweza kutupata. Mjomba wangu wa Taveta alijaribu kunipigia jioni moja, akakuta laini ina mtu. Akajaribu tena siku ya pili, ya tatu, wiki nzima, laini ina mtu. Akakata shauri kwamba simu ya nyumba haiwezi kuwa na watu namna hiyo ila kuna msiba. Basi akaja, yeye na wazee wenzake, wamevaa makoti meusi, wamebeba mikungu ya ndizi ya matanga. Walipoanza kulia langoni nilidhani nimekufa mimi. Tuliwakaribisha, tukazipika zile ndizi, wakala wamenuna kwa sababu wote tulikuwa hai.

2. Mazoezi. Kwa kuwa mke wangu hajapewa shule, anafanyia mazoezi watu wa nyumbani. Kila akisoma sura mpya, sisi ndio tunaona cha mtema kuni. Sura ya kwanza ilisema kiongozi awajue watu wake, basi akatuita jikoni mmoja mmoja, hata mimi mwenye nyumba, akaniuliza kwa upole ni kazi gani ya hapa nyumbani inayonilemea. Bwana Afisa, nilianza kuhesabu kwa vidole. Sikuwa na kazi yoyote hapa nyumbani. Akaniangalia, akaandika. Sura ya pili ikawa ya kugawana majukumu, na mpaka leo chakula cha Jumatano jioni ni changu. Nyapara mzima! Wakataji wangu wamenipita nimechuchumaa bombani nasugua sufuria, na wakaniambia pole na kazi.

3. Mikutano. Kila Jumamosi baada ya chai tunakaa kikao, na kila mtu ana haki ya kusema. Binti yangu Shanice, ambaye bado yuko shule ya msingi, alisimama akauliza kwa nini baba huongea nasi kutoka nyuma ya gazeti. Mbele yangu, kwenye kiti nilichonunua mwenyewe! Nilitaka kuinuka nimalize jambo hilo kwa njia ninayoijua. Mwenyekiti, yaani mke wangu, akanikumbusha kwamba hapa tunaomba nafasi kwa kuinua mkono. Nikainua mkono. Nikaambiwa ningoje, Sylus ametangulia. Sylus ni mwanangu, na alichotangulia kusema ni kwamba anamuunga mkono dada yake.

4. Kazi yangu imeingiliwa. Tryphena alinisomea sura inayosema kwamba mtu anayefokewa hufanya kazi ya kumridhisha anayefoka, akigeuka nyuma tu kazi inalala. Nikamwambia hao wazungu wake hawajawahi kuona mkonge. Na ili kumwonyesha kwamba ni upuuzi mtupu, nilikwenda shambani asubuhi bila kufoka, nikawauliza wakataji kitu gani kinawakwamisha. Mulei, ambaye ni mkataji hodari kuliko wote na mimi nilidhani ni bubu, akafungua kinywa akaeleza kuhusu maji ya kunywa kuwekwa mbali na mahali wanapokata. Nikalisogeza lile pipa. Sasa wanamaliza kabla jua halijawa kali, na asubuhi wananisalimu kwa jina. Nakuuliza kwa dhati, nyapara anayesalimiwa na watu wanaotabasamu, ni nyapara wa aina gani huyo? Meneja amenivuta kando akaniuliza kama nimeokoka.

5. Mama yangu mzazi. Aliteremka kutoka Wusi kutibiwa macho, na nilimpokea kwa furaha kubwa maana alikuja akiwa upande wangu. Alisema hajawahi kuona mke anakodolea kioo cha kompyuta macho huku mume akisonga sima. Nikasema, asante Mungu, kura yangu imefika. Kumbe chuoni kuna sura ya kuishi na wanaokupinga! Tryphena akamwandalia chai, akakaa naye alasiri nzima, akamwacha aeleze ule ugomvi wake na jirani wa kule Wusi kuhusu mfereji wa maji, tangu mwanzo, bila kumkatiza. Mimi hadithi hiyo huikatiza kila mwaka. Mama alipomaliza alijifuta machozi akasema tangu baba afariki hakuna aliyemsikiliza namna ile, na akanitazama mimi. Tangu siku hiyo sina mama, Bwana Afisa. Nina mjumbe wa kikao.

6. Kompyuta kutasiwa. Hapa nakuomba uwe na subira, kwa sababu sijui kama wewe ni mtu wa kwetu. Kwetu Taita mtu akianza jambo kubwa, mzee wa nyumba humtasia. Anachukua maji kinywani, au dengelua, pombe yetu ya miwa, kama iko, anapuliza kwa nguvu, na maneno ya baraka yanafuatia. Jumapili tunaomba kanisani na nyumbani tunatasa, na hatujawahi kuona ugomvi wowote hapo. Basi siku ambayo Tryphena alikuwa atume insha yake kubwa, Mama alisema mtoto wake hawezi kuvuka bahari bila baraka. Na kwa kuwa mwenye kuvuka bahari hasa ni kompyuta, aliitasia kompyuta. Alijaza kinywa, akapuliza kwa mapenzi yake yote, zile herufi zote zikaloa. Ikasema tsss, ikatoa moshi, ikazima.

Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Kisha nikamwona mke wangu. Hakupiga kelele wala hakulia. Alimshika Mama mikono yote miwili akamshukuru kwa baraka, akaifunga kompyuta kwa leso kama mtoto mwenye homa, akaibeba mwenyewe mpaka kwa Miraj, yule mwenye duka la vifaa vya ujenzi aliyetuletea kutoka Mombasa. Miraj aliianika juu ya mabati, akasema inshallah itaamka, na ikaamka. Herufi ndizo hazikupona, akampa bao jingine la herufi lililotoka Dubai, lina Kiarabu kila mahali, na mke wangu analitumia hivyo hivyo. Insha ilifika. Walimu wa ng'ambo wakaisifu.

Lakini Mama hakukubali kwamba maji yake yana makosa. Alisema kwenye kikao, na imeandikwa, kwamba maji ya baraka hayaunguzi kitu. Kutasa huharibika pale tu ambapo kuna mtu nyumbani amekaa na hasira moyoni, hajaisema. Watoto wakanitazama. Tryphena akatazama chini. Hata paka akanitazama. Ala! Mtu anakaa kimya kwake kwa ustaarabu, na anageuzwa kuwa kisa cha kompyuta kuungua!

7. Atakwenda. Hili nililiacha nyuma kwa sababu kila nikilianza linaniponyoka. Ukitia sahihi, Tryphena atapanda mlimani, atakaa huko juma zima, na kurudi Jumamosi kama basi litaruhusu. Mama amesema atamsindikiza, hewa ya huko inamfaa macho. Shanice amejitolea kuwa kaimu mwenyekiti wa kikao chetu, na hakuna aliyempinga. Mimi nitabaki na Jumatano zote za wiki. Lakini si upishi unaoniuma, Bwana Afisa. Nimeshamwona akiwa na watu wachache tu wa nyumba hii, mmoja wao mkaidi, na ametugeuza sote. Akipewa shule nzima itakuwaje? Watoto mia kadhaa wakisimama mbele yake kila asubuhi, na walimu wakimwita Madam, atarudi aone nini katika nyumba hii yenye mwanamume wa nyuma ya gazeti? Naogopa. Nimesema. Sijawahi kumwambia mtu, hata yeye, na nakuandikia wewe kwa sababu hatujuani.

Kwa hayo yote, naomba kwa unyenyekevu maombi yake yakataliwe, na shule ile apewe mtu ambaye hajasoma uongozi popote, kama ilivyo desturi. Kama ni lazima awe mwalimu mkuu, basi serikali ifikirie kujenga shule karibu na bomba letu. Kiwanja kipo. Zile sufuria nitaziondoa.

Nisalimie karani wako, mlinzi wa langoni aliyenielekeza mlango vizuri mwaka ule wa ndovu, mkeo na watoto. Kama mkeo anasoma chochote, nakupa pole mapema.

Ni mimi, raia mtulivu aliyechokozwa,
Danson Mwakisha

Nyongeza: Nilikuwa naandika anwani juu ya bahasha Mama alipoingia akauliza ninaandika nini mwanamume mzima huku nimeuma ulimi. Kwa kuwa macho yake bado, ilibidi nimsomee. Nilidhani atanichapa. Alisikiliza kuanzia ndovu mpaka sufuria bila kunikatiza, na sasa najua ni nani amemfundisha hivyo. Nilipomaliza ile namba saba aliuliza kama imebaki hasira nyingine yoyote humo ndani. Nikajipekua, Bwana Afisa, nikajipekua kwa haki. Haikubaki hata chembe. Yote iko kwenye hizi karatasi zako.

Basi akasema hiyo ndiyo kazi iliyokuwa imebaki. Kwetu mtu akishaitaja hasira yake yote, huitema, na baada ya kuitema ndipo baraka yake inapokuwa na nguvu. Akanipa kikombe cha maji. Sikuwa nimewahi kumtasia mtu, nilidhani ni kazi ya wazee, lakini Mama amesema hata mimi sasa ni mzee. Tryphena hayupo, yuko kwa Miraj anatafuta waya, kwa hivyo nimeitasia hii barua badala yake, pale juu kwenye jina lake. Nimeomba ashike shule ile kama alivyotushika sisi, watoto wa watu wasikilizwe, na Jumamosi basi lisichelewe.

Sasa tia sahihi, tafadhali, na uitie leo. Ukiona wino umeenea kwenye kichwa cha barua usidhani ni machozi, ni maji tu ya kikombe. Kile nilichokuwa nimekiomba pale kimefutika chote na hakisomeki tena. Jina lake limebaki.