Semina Zenu Zimeniulia Kesho Yangu

Kwa Mkuu wa Kitivo cha Sheria,

Mheshimiwa,

Yah: Ombi la kufungwa kwa semina za utafiti za kila Jumatano

Pokea salamu zangu za heshima. Mimi ni fundi cherehani wa lile duka dogo la kijani chini ya dirisha la ukumbi wenu wa semina, mwaka wa ishirini na sita sasa. Hatujawahi kugombana. Hata wanafunzi wenu walipomwaga chai juu ya turubai langu nilinyamaza. Lakini hili la sasa limenifika hapa, na ninapoandika "hapa" nimeshika koo.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Mlibandika tangazo kwenye nguzo iliyo mlangoni pangu: semina kuhusu mikataba, fedha na uchumi wa dunia, wote mnakaribishwa, viti vipo, feni ipo. Mheshimiwa, wateja wangu ni watu wa kusubiri. Zamani walisubiri kwenye benchi langu, wakachoka, nikawaambia "kesho", wakaenda zao kwa amani. Sasa wanapanda ngazi kwenda kusubiria kwenu. Mwalimu mmoja wa hesabu alipanda akiwa mtu mpole kabisa, akashuka baada ya saa moja macho yanang'aa. "Fundi," akasema, "mimi na wewe tuna mkataba." Nikamjibu, "Mwalimu, mimi na wewe tuna suruali." Akaniuliza tarehe. Tarehe, Mheshimiwa! Kwenye suruali!

2. Mkaja na fedha. Yupo mteja wangu ninayemwita Bwana Shingo, kwa sababu kola yake ni inchi kumi na tisa. Alihudhuria semina ya riba, akashuka na hoja kwamba muda nao una bei, kwa hiyo kila siku ninayochelewesha koti lake niongeze kifungo kimoja. Nilikubali huku nacheka. Hivi sasa koti lina vifungo ishirini na vitatu, viwili viko kwapani kwa kukosa nafasi, naye hupita kila jioni kuvihesabu kama mtu anayekagua mahindi yake.

3. Nilipoona mambo yamekuwa hivyo, nami nikatega sikio dirishani. Siku hiyo Profesa wenu, yule tunayemwita Kwa Upande Mwingine kwa sababu hamalizi sentensi bila maneno hayo, alieleza jinsi shehena zinavyokwama bandarini hadi uchumi wa dunia nzima unatetereka. Nilifurahi kuliko siku ya harusi yangu! Asubuhi yake nikamwambia muuguzi mmoja kwamba sketi yake imechelewa kutokana na hali ya biashara ya kimataifa. Kumbe mama huyo kwenye semina ile ile alikuwa amekaa kiti cha pili kutoka mbele. Akauliza zipu inatoka nchi gani, imepita bandari ipi, na karatasi zake ziko wapi. Zipu ilikuwa kwenye droo. Aliivuta droo mwenyewe.

4. Kisha mkanifanyia utafiti. Binti mmoja wa shahada ya uzamivu alileta gauni la kupunguzwa, akaketi kwenye benchi langu wiki tatu akiandika. Nilidhani anaandika barua za mapenzi, nikawa nashona polepole nisimpotezee mawazo. Kumbe alikuwa ananihesabu. Jumatano moja akawasilisha matokeo, nami nikaalikwa. Ukutani kulikuwa na mchoro: nimesema "kesho" mara mia mbili na kumi na nne, na kesho yenyewe ikafika mara tisa. Watu wakaangua kicheko, nami nikacheka mpaka nikajipiga paja, ndipo nikakumbuka kwamba ni mimi.

Profesa akaniomba nieleze neno hilo lina maana gani kwa upande wangu. Nikasimama. Nikasema: mtu akija na kitambaa chake siwezi kumwambia hapana, maana ukimtazama usoni ameshajiona amekivaa. Nikisema kesho, maana yake nimekupokea, sijakusahau, ila nimewapokea wengi mno. Ukumbi mzima ukainama kuandika. Tangu siku hiyo mwalimu wa hesabu ananiita Tanbihi, kwa kuwa nimewekwa chini ya ukurasa.

5. Hili la tano ndilo lililonitoa machozi. Binti yangu wa mwisho aliolewa Jumamosi iliyopita. Aliniletea kitambaa cha shela pamoja na mkataba wa karatasi mbili zilizopigwa chapa, matunda ya semina zenu: gauni likamilike Ijumaa saa sita mchana, la sivyo linahamia kwa fundi wa ng'ambo ya barabara, ambaye mimi ndiye niliyemfundisha kushika mkasi! Mama yake ametia sahihi kama shahidi. Nikamuuliza, "Mwanangu, huniamini mimi baba yako?" Akasema, "Baba, dada aliolewa na pini kumi na moja mgongoni. Picha zote amesimama wima kama mlingoti. Mimi nataka kucheza."

Nikatia sahihi. Nilikata, nikaunga, nikatia bitana, nikapinda pindo kwa mkono. Likaisha Jumatano. Jumatano, Mheshimiwa, siku mbili kabla! Alilivaa pale pale dukani, akazunguka mara moja, chaki na vipande vya nyuzi vikaruka kote, akanikumbatia. Mke wangu alitoa kichwa nje akaangalia mbingu kama ziko mahali pake. Nami nikabaki na siku mbili tupu mkononi, sina wa kumwomba radhi, sijui nisimame wapi.

Kwa hiyo naomba rasmi semina hizo zifungwe, au zihamie kwenye mambo yasiyomgusa mtu, kwa mfano sheria za anga za juu. Zikiendelea, mji huu utajaa watu waliovaa nguo zao kwa wakati, na sisi mafundi tutazungumza nini na wateja?

Nisalimie Profesa, pande zote mbili. Msalimie mlinzi wa geti, na wote wanaotumia ngazi hiyo. Binti wa uzamivu mwambie gauni lake liko tayari. Asiliingize kwenye mchoro.

Wako katika uzi na sindano,

Fundi wa Chini ya Dirisha

N.B. Nimeona kwenye tangazo kwamba Jumatano ijayo Profesa atafundisha sababu zote ambazo kisheria zinamruhusu mtu kutotimiza ahadi na bado asilaumiwe. Semina hiyo isifutwe kwa hali yoyote ile. Naomba niwekewe kiti cha mbele, na ikiwezekana ianze mapema, kwa kuwa siku hiyo hiyo saa kumi kamili kiongozi wa kwaya anakuja kuchukua sare thelathini na mbili, nami sijakata hata moja.