Laptop Iliyokata Roho Saa Saba

Injinia hakuwa injinia wa kitu chochote, ila alikuwa na begi la laptop, na mtu mwenye begi la laptop hakuna anayemuuliza vyeti. Siku hiyo alikuwa ameegemea kibanda cha fundi viatu akipiga soga, mara akasikia sauti kutoka duka la kuchapa la jirani:

"Amka basi! Amka, mwanaizaya!"

Masikio ya Injinia yakasimama kama ya paka aliyesikia sufuria ikifunuliwa.

Ndani alimkuta Mama Chapa, mwanamke wa miaka hamsini na kitu, kazi yake kuchapia watu barua, mikataba na malalamiko. Mbele yake laptop mpya inang'aa, kioo cheusi tii.

"Shikamoo, mama yangu. Mgonjwa anaendeleaje?"

"Marahaba. Mgonjwa gani! Mkwe wangu kaniwekea mfumo huu wa Linux, ilikuwa inakwenda vizuri. Jana ikaniambia kuna toleo jipya, nikakubali. Tangu hapo nikiifunika inalala, nikiifunua haiamki. Nikiizima na kuiwasha, mtandao haushiki. Na saa kumi wakili anataka kurasa zake mia mbili kwa barua pepe. Zisipofika, kazi za ofisi yake zote zinahamia kwa yule wa ng'ambo ya barabara. Nitafunga duka, mwanangu."

Injinia akatikisa kichwa kwa huzuni. Huzuni aliijua vizuri, alikuwa anaitumia kila siku.

"Niachie niipime. Lakini pembeni, mama. Inahitaji utulivu."

Mama Chapa akamwandikia neno la siri kwenye karatasi, akatoka kwenda kununua maji.

Sasa sikia. Kitu kimoja Injinia alikuwa anakijua kweli, na alikijua kwa sababu laptop yake mwenyewe iliwahi kuugua hivyo hivyo. Toleo jipya lilikuwa limegombana na dereva, yaani kile kiprogramu kinachoendesha mtandao. Ukiilaza mashine dereva akiwa ndani, inazimia. Ukimtoa kwanza, inalala kama mtoto mchanga na inaamka. Ukimrudisha, mtandao huo. Akafungua kidirisha cheusi cha amri, akaandika mstari wa kumtoa dereva. Akafunika, akafunua. Ikaamka! Akaandika mstari wa kumrudisha. Mtandao ukashika mpaka juu!

Mtu mwema angemwita mama wa watu na kumpa habari njema. Injinia akakifunga kidirisha kwa adabu, kisha akaifunika laptop dereva akiwa ndani. Kioo kikafa.

"Mama," Injinia alimwambia Mama Chapa aliporudi, "pole sana. Imekata roho."

"Uongo!"

"Ubongo umeungua. Nimejitahidi, kazi ya Mungu haina makosa. Ila kwa kuwa wewe ni kama mama yangu mzazi, nitakupa hii yangu, kuukuu lakini nzima, nami nichukue hilo jeneza nikatoe skrubu."

Ya kwake ilikuwa kweli nzima, ila kasi ya kobe. Na ndiyo pekee aliyokuwa nayo. Lakini ukitoa kobe ukapata farasi, unalia nini?

Mama Chapa aliitazama saa. Saa saba na nusu.

"Haya. Ila tuandikishane."

"Tena vizuri! Chapa nitakavyosema, usije mkwe wako akanifuata." Akajipandisha suruali, akaanza kuimba kama hakimu. "Mimi, Injinia, natoa laptop yangu nzima kwa Mama Chapa, iwe mali yake, sitaidai milele. Nami nitachukua laptop yake iliyokufa kabisa, isiyoamka wala kushika mtandao."

Mama Chapa alichapa neno kwa neno kwenye laptop ya kobe. Miaka ishirini anachapa vya watu, hajawahi kuongeza hata nukta. Wakasaini wote wawili, na fundi viatu akaja na sindano yake mdomoni, akasaini kama shahidi.

"Mwanangu," Mama Chapa alisema kwa sauti ndogo, "niache dakika kumi niiage. Imenilisha."

Injinia akavua kofia, akatoka nje akasimama na fundi viatu kama wafiwa.

Mama Chapa hakulia. Aliizima kwa nguvu, akaiwasha, akafungua kidirisha cheusi. Mkwe wake alimwonyesha jambo moja tu kuhusu kidirisha kile: ukibonyeza mshale wa juu, kinakutajia aliyepita kaandika nini. Injinia, kwa ujanja wake wote, alikuwa amefuta alama za vidole kwenye kioo tu. Mshale wa kwanza, mstari. Mshale wa pili, mstari mwingine. Maana yake hakuijua. Lakini kurudia kilichoandikwa na mtu bila kukosea herufi, hiyo ndiyo kazi inayompa ugali. Akauchapa mmoja mmoja, akafunika na kufunua, mpaka akajua upi wa kulaza na upi wa kuleta mtandao.

Injinia alipoingia na begi wazi, laptop ilikuwa macho, kurasa mia mbili zimeshakwenda, na wakili ameshajibu "asante."

"Haya, mama, nipe maiti yangu."

"Maiti gani?" Mama Chapa akachapa ule mstari wa kulaza, akaifunika laptop, akaifunua. Ikaamka. "Karatasi inasema iliyokufa kabisa. Wewe unaona iliyokufa hapa?"

Fundi viatu akatoa sindano mdomoni. "Mimi nimesaini maiti. Hii inapumua."

"Basi nirudishieni yangu!"

"'Sitaidai milele,'" Mama Chapa alisoma taratibu. "Maneno yako, mwanangu. Mimi mchapaji tu."

"Nitawashtaki!" Injinia alifoka. "Naandika barua sasa hivi!"

Mama Chapa akaisogeza laptop ya kobe mbele yake, akanyoosha vidole.

"Sema, nachapa. Ila barua za malalamiko unalipia kwanza."