Kimya cha Mheshimiwa

Jumatatu, 3 Juni
Nimeipata! Miaka minane nachimba maisha ya marehemu Mheshimiwa, kiongozi aliyeandika vitabu saba, na leo, ndani ya kumbukumbu za vikao vyake, nimegundua siri ya ukubwa wake. Alikuwa anakaa kimya! Kikao kizima hasemi neno, mwisho anatoa sentensi moja, ukumbi mzima unapiga makofi. Hata waandishi wakubwa ni hivyohivyo. Lugha yao fupi. Mimi maneno yangu ni mengi mno. (Mama watoto anasema amenieleza hayo tangu uchumba.)
Ijumaa mhariri anaamua nani aandike kitabu cha maisha ya Mheshimiwa: mimi, au Miwani, yule mkutubi anayeongea kama redio. Miwani amekwisha!

Jumatano, 5 Juni
Mazoezi. Sijasema neno tangu asubuhi. Mama watoto akauliza kama nimenuna. Nikamtazama kwa hekima. Akasema basi chakula nijipakulie mwenyewe. Mama mkwe akapiga simu, nikapokea kimyakimya, akakata akilaani mtandao. Faida hiyo tayari!
Sentensi yangu ya mwisho nimeshaitunga: "Mtu mkubwa huandikwa na mtu aliyejifunza kunyamaza." Maneno saba, sawasawa na vitabu vyake! Nimeisoma mbele ya kioo, nikasisimka mwili mzima.

Ijumaa, 7 Juni
Balaa! Miwani kaongea dakika arobaini. Mimi kimya. Mhariri akauliza kama nina pingamizi lolote Miwani akipewa kitabu. Kimya. Nikainamisha kichwa polepole, kama Mheshimiwa kwenye picha yake ya ukutani. Nilikuwa nangoja mwisho, jamani, sentensi hutoka mwisho! Mhariri akanishukuru kwa moyo wangu mkubwa, akafunga faili, akatoka. Kumbe mwisho ndio ulikuwa huo.
Sentensi nimemwambia mfagiaji. Akaniomba niinue miguu.
Miaka minane! Nimelia chooni, sioni aibu kusema. Halafu nikaitwa nipewe kazi: kumhakikia Miwani tarehe.

Jumamosi, 8 Juni
Nimejikaza kisabuni, nikaenda kwa binti wa Mheshimiwa kuhakiki tarehe. Nikausifu sana ule ukimya wa baba yake. Akacheka mpaka akashika kiti. Akasema baba alikuwa hasikii! Sikio la kulia kabisa, la kushoto kwa kubahatisha. Alikuwa anangoja watu waanze kukusanya makaratasi, ndipo ajue imefika zamu yake. Na makofi yale, akasema, watu walifurahi tu kwamba kikao kimekwisha.
Nimerudi nyumbani mbio, moyo unadunda kwa furaha. Wiki nzima nimehangaika na mdomo, kumbe siri iko masikioni! Miwani hajui. Na Jumatatu mhariri ana kikao kingine, anatafuta mtu wa kuandika maisha ya mshairi mmoja mkubwa.
Nimeshanunua pamba.