Ombi la Kurudishiwa Majina Kwenye Karatasi za Insha

Kwako Mwalimu Mkuu,

Shikamoo. Najua mlango wako uko hatua kumi tu kutoka mezani kwangu, ila mengine mdomo hauwezi. Naomba uyasome.

Nalalamikia agizo lako kwamba tusahihishe insha zenye namba, bila majina. Mwalimu, umetuonea:

1. Nalazimika kuzisoma. Zote, mpaka mwisho! Miaka ishirini na mbili jina peke yake lilinitosha; karatasi arobaini nilikuwa namaliza chai haijapoa.

2. Jina humsaidia mwalimu kuelewa. Muhula uliopita mtoto wa daktari, yule tunayemwita Profesa, aliandika kuhusu kupiga deki korido: unavyorudi kinyumenyume, maji yanavyoingia viatuni, watu wanavyokanyaga palepale ulipomaliza. Nikampa 81, nikaandika, "Ubunifu wa ajabu! Kama vile umepiga deki mwenyewe!" Binti wa mama mfagiaji wetu akaandika safari ya ndege. Nikampa 43: "Acha uongo." Bila majina ningejuaje upi ubunifu, upi uongo?

3. Safari hii namba 17 imeongoza. Kufunua majina, kumbe yule binti! Profesa wa ishirini na tisa. Nikazirudia mara tatu, majina nikiwa nayajua, na kila nikirudia Profesa anapanda. Ushahidi gani zaidi?

4. Nyumbani sina amani. Mke wangu kaniuliza, "Baba watoto, hapo unasahihisha watoto au wazazi wao?" Tangu hapo nimekosa usingizi.

Basi naomba majina yarudi, na pembeni iandikwe kazi ya mzazi, tuokoe muda. Nafasi ya ufadhili wa masomo ni moja na orodha ya majina inaondoka kesho. Aende Profesa, kwa matokeo ya muhula uliopita.

Nisalimie walimu wote, karani, na mama mfagiaji ukipishana naye.

Ni mimi, mwalimu wako wa insha.

N.B. Nimetoa zile insha mbili za muhula uliopita nikuambatishie, nikaona mwandiko wa ndani haulingani na wa majina. Nimekumbuka: chai ilizimwagikia kabla sijasahihisha, nikabandua kurasa za juu zenye majina zikauke. Nilizirudisha kwa kupishana. Deki ni ya binti. Ndege ni ya Profesa, na kweli aliipanda.

Mwalimu, nimekosa. Futa ombi lote, peleka jina la binti. Barua yangu ya onyo naisubiri. Hiyo nitaisoma mpaka mwisho.