Suti ya Noko

Watu wa mtaa wa Makiso walipita mbele ya duka la Mama Madina, wakalisoma tangazo lake jipya, wakacheka, wakaenda zao. Glodi alisimama. Alilisoma tena polepole, akavua kofia, akalisoma mara ya tatu. Lilikuwa limeandikwa kwa rangi nyekundu: nguo isipokufaa, irudishe kabla duka halijafungwa Jumatatu, étiquette, ile karatasi ya bei, ikiwa mahali pake, nawe utapewa pesa yako yote.

Wazo lilikuwa la Mohamadi, mpwa wake Mama Madina, aliyekwenda Dubai kununua mzigo akarudi na mzigo na mawazo. Huko, alisema, mteja hurudisha nguo na hakuna anayemfokea. Mama Madina, mzaliwa wa Kindu, mtu wa swala tano, aliona kwamba jambo hilo lina haki ndani yake. Mama anamnunulia mwanawe shati, anafika nyumbani, kichwa hakipiti shingoni; sasa afanye nini, akipunguze kichwa? Tangazo likabandikwa kwa ajili ya mama huyo. Bahati mbaya aliyelifaidi wa kwanza ni Glodi, ambaye hakuwa na mtoto, wala shati la ziada, wala, tuseme ukweli, haya.

Glodi alijiita fournisseur. Alikuwa akisambaza nini, hakuna aliyeuliza, kwa sababu alivaa tai hata siku za jua kali, na mjini kwetu mtu mwenye tai haulizwi. Mtaji wake ulitoka kwa tonton, mjomba wake, mchimba dhahabu wa Bafwasende, ambaye alimtumia pesa ya kuanzia mahari ya mchumba wake Chantal. Tumpe haki yake: pesa ile hakuila. Aliipa kazi.

Ijumaa aliingia dukani akanunua suti ya rangi ya divai, yenye vifungo vya dhahabu, ambayo kuitazama tu kulikufanya utafute kiti cha mbele. Étiquette aliikunja akaibana kwa pini ndani ya mkono wa kushoto. Jumamosi aliikodisha kwa bwana harusi wa Mangobo, ambaye kwa siku moja alitaka kufanana na mbunge. Jumapili aliikodisha kwa kiongozi wa kwaya. Jumatatu aliipiga pasi, akaipulizia manukato, akairudisha akiwa na uso wa mtu aliyevunjwa moyo. Mara rangi ilimzeesha, mara mabega yalimbana, na mara nyingi zaidi fiancée wake Chantal ndiye aliyeikataa. Mama Madina alimpa pole na pesa yake. Ijumaa iliyofuata Glodi alirudi kuijaribu tena, labda safari hii mabega yatakuwa yamelegea.

Je, huo ni wizi? Glodi alilitafakari swali hilo kwa kina, kwa muda wa kumaliza bia moja, akatoa hukumu. Mwizi huchukua asirudishe. Yeye alirudisha, tena kwa wakati, tena imenyooshwa pasi. Kama kulikuwa na mwenye hatia, basi ni wale matajiri wanaonunua suti na kuifungia kabatini mwaka mzima bila kumnufaisha mtu. Baada ya hukumu hiyo aliagiza bia ya pili, kwa faida ya suti.

Sasa Chantal. Alikuwa msichana wa familia ya mtoni, watu wa Yanonge waliohamia Lubunga, ng'ambo ya mto, na aliuza samaki wa kukaushwa sokoni. Kwa miaka minne alikuwa mchumba wa Glodi. Jumamosi Glodi alimchukua kwenda kula lituma, ndizi za kupondwa, na kucheza muziki. Jumatatu alimpandisha pirogue, mtumbwi wa kuvukia, arudi kwa mama yake. Yeye mwenyewe hakuvuka hata siku moja kuonyesha uso wake kwa wakwe. Kila alipoulizwa alikuwa na homa, au rapport ya kuandika, au mto ulikuwa umejaa.

Kwa watu wa Chantal mahari huanza kwa noko, ndiye kaka wa mama. Kabla ya mbuzi, kabla ya chumvi, kabla ya pagne, vitenge vya akina mama, noko huvikwa suti mpya. Bila suti hiyo maneno mengine yote ni kelele. Noko wa Chantal alikuwa mzee mwembamba, mpole, na kwa miaka minne alimuuliza mpwa wake jambo moja tu: costume yangu iko wapi? Chantal alimjibu kwamba Glodi yuko njiani. Mzee akaanza kuugua, akaendelea kuuliza. Chantal alipompelekea Glodi habari hizo, Glodi alimshika mkono akamwambia asiwe na wasiwasi, kila kitu kiko en cours, kinaendelea. Na kweli kilikuwa en cours. Jumamosi hiyo kilikuwa Mangobo.

Jumamosi moja alfajiri, Glodi akiwa amesimama kibarazani na suti yake mkononi, akiwaza ampe nani, alifika mama mmoja mnene aliyejifunga kitambaa kichwani. Akasema anaitwa Tantine Agathe, ametoka Lubunga, amesikia kwamba hapa kuna costume ya kukodisha. Glodi alimkaribisha kiti na kuanza maswali yake, maana alikuwa mtu makini na mali ya wengine.

"Ni ya nani?"

"Ya kaka yangu. Kuko fête moja kwetu, kubwa sana. Batu batatoka mpaka Isangi."

"Iko mutu wa kunywa? Juu bia inaharibu kola."

"Aliachaka pombe."

"Na jasho?"

"Haitoke hata kidogo."

"Na kucheza? Wengine banacheza mpaka suruali inapasuka."

"Batu ndiyo batacheza," alisema Tantine Agathe. "Yee atabakia tu pahali yake. Papa moja mutulivu."

Glodi alihisi furaha imempanda hadi kooni. Katika kazi yake yote hajawahi kupata mteja wa namna hiyo: hanywi, hatoki jasho, hachezi. Aliuliza kama atakula, maana mafuta ya pondu, mboga ya majani ya muhogo, hayatoki, akaambiwa kwamba siku hizi hali kabisa. Ndipo mama yule akatoa bei maradufu ya ile ya kawaida, kwa Jumamosi na Jumapili pamoja, bila kubishana. Kwa desturi Glodi alidai rehani: simu, redio, hata baiskeli. Siku hiyo aliziona pesa akasahau rehani. Alikumbuka tu kuuliza kama Jumatatu asubuhi ataipata suti yake.

"Lundi kila mutu atapata yake," alijibu Tantine Agathe, akaikunja suti vizuri, akaenda.

Jumapili asubuhi Chantal alipiga simu. Sauti yake ilikuwa imekauka kwa kulia. Noko amekufa. Alikuwa amepiga tangu Ijumaa, na Glodi hakushika, kwa kuwa Ijumaa alikuwa hashiki simu za watu wasiokodisha. Wanazika leo, alisema Chantal, na leo Glodi atavuka, homa au hapana. Glodi alipiga hesabu upesi. Lubunga atakwenda tu, suti iko huko. Na penye matanga pana chakula. Akavaa tai yake, akapanda toleka, na kumwambia mwenye baiskeli apige pedali taratibu asije akamchafua kwa vumbi. Pale beach, kwenye gati la mitumbwi, akaingia kwenye pirogue.

Matanga yalikuwa makubwa, turubai imetandazwa kutoka nyumba hadi nyumba, wanawake wamekaa chini, ngoma zinalia. Watu kweli walikuwa wametoka mpaka Isangi. Glodi aliingia kwenye mstari wa kumuaga marehemu, akakunja uso wa huzuni, ule wa Jumatatu, akasogea hatua kwa hatua mpaka akafika kwenye jeneza.

Noko alikuwa amelala ndani ya suti ya rangi ya divai.

Vifungo vya dhahabu vilikuwa vimefungwa vyote. Ilimkaa vizuri, haki ya Mungu, kuliko ilivyomkaa bwana harusi yeyote wa Mangobo. Maneno ya Tantine Agathe yakamrudia Glodi moja moja. Hanywi. Hatoki jasho. Atabaki mahali pake.

Kisha akajitupa juu ya maiti. Alilia kwa sauti iliyowanyamazisha wapiga ngoma, machozi ya kweli kabisa, akiuliza kwa nini, kwa nini haraka hivi, na mkono wake wa kulia ukatafuta njia ndani ya mkono wa kushoto wa suti. Pini haikuwepo. Étiquette haikuwepo. Akalia zaidi. Alijaribu kifungo cha juu, kisha cha pili, ndipo wanaume wawili walipomshika kwapani na kumvuta nyuma, kwa upole, wakimwambia ajikaze kiume. Akina mama walitazamana. Hata watoto wa marehemu hawakuwa wamelia hivyo.

Papa Hubert, baba yake Chantal, akasimama. Alikuwa mtu wa maneno machache na mabega mapana.

"Batu balisemaka huyu kijana iko anatukimbia," alisema. "Leo mumuone. Noko alingojea costume yake mpaka kufa, na bokilo, mukwe wetu, ameileta. Kitu ya kwanza ya mahari tumeipokea."

Vigelegele vikapanda katikati ya kilio. Watu asiowajua walimshika Glodi mkono na kumwita mkwe. Alitaka kusema kwamba kuna kosa dogo, kwamba ile ni nguo ya duka, kwamba Jumatatu inahitajika Makiso. Lakini jaribu wewe kusimama mbele ya ukoo mzima wa watu wa mtoni, wenye makasia, uwaambie wamvue marehemu. Akainamisha kichwa. Walidhani ni unyenyekevu.

Wakamwongoza hadi kwenye meza ya michango. Nyuma ya beseni alikaa Tantine Agathe, dada wa marehemu, shangazi na mama mdogo wa nusu ya watu waliokuwepo. Alimkaribisha kwa heshima zote, akalisogeza beseni. Watu walikuwa wakitazama mkwe atatoa nini. Mfukoni Glodi alikuwa na zile pesa za kukodisha, bado zimekunjwa vilevile alivyopewa. Akaziweka. Tantine Agathe akazitambua, akamshukuru.

Baada ya maziko Chantal alimkuta amekaa peke yake kando ya mto. Hakukaa. Alimweleza kwamba Mama Madina hununua samaki kwake, na kwamba siku moja mama huyo alimuuliza yeye ni fiancée wa namna gani, anayekataa suti ileile kila Jumatatu. Mama wa watu alikuwa karibu kuling'oa lile tangazo. Alisema nguo zake zinarudi na harufu ya pondu, na atakayeumia ni yule mwenye shati lisilopita kichwa. Chantal akafungua kiganja. Ndani yake kulikuwa na étiquette na pini.

"Nilikata miye mwenyewe," alisema. "Noko hangezikwa na bei kwenye mukono. Aliniuliza mpaka siku ya mwisho, Glodi. Nilimudanganya juu yako."

Glodi alianza kueleza. Chantal akamwacha aeleze mpaka maneno yakamwishia.

"Na miye unanivaaka vile vile," akasema. "Samedi unanitoa, lundi unanirudisha kwa mama. Bon. Sasa kunabakia costume ya papa. Uilete, ama unirudishe kabisa, mbele ya batu bote, nijue."

Akamtilia étiquette mkononi, akaondoka. Glodi alimtazama akipanda ukingoni, mgongo wake umenyooka, na alishangaa kugundua kwamba jambo hilo linamuuma. Alijaribu kulitafakari kwa kina, lakini bia haikuwepo.

Jumatatu, duka lilipofunguliwa, Glodi alikuwa mlangoni. Mfuko mmoja ulikuwa na étiquette. Mfuko wa pili ulikuwa na kopo la maziwa lililojaa faida yote ya bwana harusi na wanakwaya. Kwa kuwa mtu habadiliki kwa usiku mmoja, alianza na mfuko wa kwanza. Akaiweka étiquette mezani na kusema kwamba amekuja kurudisha costume.

"Costume yenyewe iko wapi?" aliuliza Mama Madina.

"Iko na mwenyewe, mama."

"Hakuipenda?"

Glodi alitafuta katika sababu zake za kila Jumatatu. Mabega, rangi, fiancée. Aliyapitia yote, na hakuna lililofaa.

"Aliipenda," alisema. "Hatatoka tena ndani yake."

Mama Madina alisema Mungu amlaze pema, na alimaanisha. Kisha akainuka, akateremsha kutoka juu suti ya kijivu, pana mabegani. Chantal amepita kwake nyumbani alfajiri, alisema, ameacha vipimo vya baba yake. Glodi aliitazama suti ile. Alitazama mlango pia. Halafu akalitoa kopo mfukoni, akalimimina mezani, na Mama Madina akaihesabu pesa, akairudisha ile iliyozidi, iliyokuwa kidogo sana.

"Na isipomufaa Papa Hubert," alisema Glodi, kwa mazoea tu, "mpaka lundi..."

Mama Madina alifungua droo, akatoa mkasi, akaikata étiquette na kumtilia mfukoni.

"Itamufaa," alisema.